Ngao Ndogo ya Pikipiki Kuukuu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya pikipiki kuukuu, na namna ya kuitia mbele yake ngao ndogo ya kumkinga mpandaji na upepo. Huenda mtu akauliza, Je, jambo kama hili lastahili kuzungumzwa mbele ya watu wengi? Sisi twajibu kwamba lastahili, kwa kuwa tumeona kwa macho yetu ngao iliyotiwa vema ikimfaa mtu, na ngao iliyotiwa vibaya ikikaribia kumwua. Na hiyo ya pili tuliitengeneza kwa mikono yetu wenyewe.

Chuo chetu cha ualimu kiko katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, katika nchi ya Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ninyi mkaao pwani mkisikia watu wakisema baridi, hudhani ni ule upepo wa kusi usiku. Huku kwetu, mwezi wa Juni na wa Julai, na hasa upande wa Makete na Kitulo, ziko asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi iliyomwagwa. Nao ndio wakati ambao mara nyingi hutupasa kusafiri, kwa maana wanachuo wetu hupelekwa katika shule za vijijini kujizoeza kufundisha, nasi walimu wao hatuna budi kuwafuata huko na kuwatazama darasani. Kwa kazi hiyo tunayo pikipiki moja, Honda CG125, yenye umri mkubwa kuliko wanachuo wote wanaoiosha. Taa yake ni ya duara, usukani wake umesimama juu, na mpandaji hukaa wima kama mtu aliyeketi kitini, kifua chote kikiutazama upepo.

Asubuhi moja ya Julai mwalimu mwenzetu, ambaye kwa umri wake sote twamwita Mzee, aliondoka kabla ya jua kupata nguvu. Alipokuwa akishuka mteremko kuelekea darajani, ndama alikatiza njia, na nyuma ya ndama mtoto aliyekuwa akimfukuza. Mzee alisimamisha pikipiki, lakini alipoitazama nafasi iliyobaki kati ya gurudumu na mtoto, haikuzidi urefu wa mkono. Alirudi chuoni jioni, akashindwa kufungua mshipi wa kofia yake ya chuma mpaka mwanachuo mmoja akamfungulia. Akatuambia, "Niliufikiri mkono ushike breki, nao haukuja upesi. Vidole vilikuwa vyangu, lakini havikunisikia."

Neno hilo lilituingia sana. Kwa muda mrefu tulikuwa tukidhani ya kuwa upepo wa pikipiki ni taabu tu ya kuvumiliwa, kama vumbi. Kumbe mwili uliopoa huchelewa. Siku yenye nyuzi 10 za sentigredi, mtu akaaye pasipo upepo hutosheka na koti. Lakini yeye apandaye pikipiki kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi yake iliyo wazi huona baridi kana kwamba ni nyuzi 5. Tena mwili una desturi yake: kifua kikipoa, damu hurudishwa ndani ili kuyalinda moyo na mapafu, na vidole huachwa vijitegemee. Kwa hiyo mtu aweza kuvaa glovu nzuri kabisa, na vidole vikafa ganzi kwa sababu kifua chake kiko wazi. Hapa twaomba kusahihisha neno moja lisemwalo sana vijijini, kwamba upepo wa pikipiki ndio uletao nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Baridi yaweza kumdhoofisha mtu, lakini tusiisingizie yote. Hatari iliyo karibu zaidi ni ile ya mkono usiokuja upesi.

Sasa na tuutazame huo upepo, kwa kuwa wengi huudharau. Mtu aketipo wima juu ya pikipiki ndogo, hewa ikiwa imetulia, akaenda kilomita 40 kwa saa, upepo humsukuma nyuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo nne na nusu hivi. Akienda kilomita 60 nguvu hiyo hufika kilo 10, yaani kama ndoo ya maji ya lita 10. Akienda kilomita 80 ni kilo 18. Wanafunzi na waangalie hesabu hii vizuri: mwendo umeongezeka mara mbili tu, kutoka 40 hata 80, lakini nguvu ya upepo imeongezeka mara nne. Huku kwetu juu, ambako hewa ni nyepesi, hupungua karibu moja ya tano. Lakini kanuni ni ile ile. Na kama upepo wenyewe watoka mbele, lazima uujumlishe na mwendo wako. Mtu aendaye kilomita 50, akakutana na upepo wa kilomita 20, kifua chake chajua 70, na mzigo umekuwa karibu maradufu. Ndoo hiyo ya maji anaibeba kwa mikono iliyoushika usukani, saa nzima, wala hapati mahali pa kuitua.

Ngao za pikipiki si jambo jipya. Katika mashindano ya Ulaya ya miaka ya 1950 waundaji walizifunika pikipiki kwa magamba makubwa yaliyolificha hata gurudumu la mbele, nazo zikawa na mbio sana. Lakini upepo wa ubavuni ulipovuma, gamba lile lilikuwa kama tanga la jahazi, likamtoa mpandaji njiani. Mwishowe chama cha mashindano ya dunia kikayakataza, na tangu mwaka 1958 gurudumu la mbele halikuruhusiwa kufichwa hivyo. Mwaka 1973 BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki iitwayo R 90 S, yenye ngao ndogo iliyoizunguka taa na kugeuka pamoja na usukani. Mwaka 1976 wakatoa nyingine, R 100 RS, yenye ngao kubwa iliyofungwa katika fremu, isiyogeuka hata usukani ukigeuka, na umbo lake lilitafutwa katika nyumba maalumu ya kuvumishia upepo. Hapo pana fundisho: ngao ndogo na nyepesi yaweza kufuatana na usukani, iliyo kubwa sharti ishikwe na fremu, la sivyo uzito wake na upepo wake vyote huingia katika mikono ya mpandaji. Mwaka ule ule wa 1976 ndipo Honda walipoanza kutoa CG125 yetu, yenye injini ya namna nyepesi kutunza, iliyokusudiwa watu ambao fundi yuko mbali nao. Haikuwa na ngao yoyote.

Sisi fundisho hilo hatukulijali. Tuliposikia habari ya Mzee, tuliingia karakana ya chuo siku ya Jumamosi pamoja na wanachuo wanne, tukiwa na moyo mwingi kuliko akili. Tulipata kipande cha Perspex kilichosalia katika kazi ya madirisha, unene wake milimita 5. Tukakikata kirefu, mpaka juu ya macho ya mpandaji, tukiwaza kwamba kikubwa ndicho kikingacho zaidi. Tukakifunga kwa vyuma vizito katika yale matundu ya vioo vya kutazamia nyuma, juu kabisa ya usukani. Ngao yote pamoja na vyuma vyake ilikaribia kilo nne. Tukaipaka rangi sehemu ya chini, tukapiga picha.

Siku ya pili tukaipanda wenyewe, nasi twashukuru kwamba hatukumpa Mzee kwanza. Hata kilomita 40 ilikuwa raha tupu, kifua kimetulia kama mtu aliye barazani. Ilipofika 50 usukani ukaanza kutikisika, kidogo kidogo, kushoto na kulia, na kofia ikawa kama ngoma inayopigwa na mtu asiyejua ngoma. Tukapunguza mwendo. Jua la jioni likatutazama usoni, likaingia katika mikwaruzo ya ile Perspex, na mbele yetu pakawa na nuru nyeupe tu, barabara haionekani. Tukajikokota hata sokoni. Pale tukakata kona kali kuingia uwanja wa viazi; na usukani ulipofika mwisho wake, chuma kimoja cha ngao kikaivuta kebo ya mafuta. Injini ikanguruma yenyewe, pikipiki ikaruka mbele ilhali sisi tumeachia mkono. Tuliishika klachi, tukaangukia gunia. Mama mwenye viazi, ambaye alikuwa ameruka kando na mtoto wake mgongoni, alitutazama kitambo, kisha akasema, "Baba mwalimu, ulitaka kununua viazi au kuviponda?" Watu walicheka, nasi tukacheka. Lakini tulipokuwa tukiokota viazi mikono yetu ilitetemeka, wala si kwa baridi.

Tukaivunja ngao ile usiku ule ule. Na haya tuyasemayo sasa ndiyo tuliyojifunza katika kutengeneza ya pili, iliyotuchukua wiki tatu.

Kwanza tulitupilia mbali wazo la kutazama kwa kupitia katika ngao. Mpandaji wa pikipiki kuukuu na atazame juu ya ngao yake. Plastiki yoyote itakwaruzwa na vumbi la njia zetu, na taa ya gari lijalo usiku ikiangukia mikwaruzo hiyo humpofusha mtu. Zaidi ya hayo, ukingo wa ngao huukata upepo na kuuacha ukizunguka-zunguka nyuma yake, kama maji ya mto yazungukavyo nyuma ya jiwe. Ukingo ukiwa mbele ya uso, ule mzunguko hupiga kofia. Hiyo ndiyo ngoma tuliyoisikia. Ukingo ukiwa chini, mbele ya kifua, upepo hurushwa juu ya mabega, na kichwa hubaki katika upepo ulionyooka, ambao kofia yenye kioo huumudu. Basi kipimo chetu ni hiki: kifua nyuma ya ngao, kichwa juu yake.

Ili kupata kimo, usianze na plastiki. Chukua karatasi ngumu ya sanduku. Mpandaji aketi juu ya pikipiki mahali palipo sawa, amevaa kofia na koti lake la safari, ameshika usukani kama aendavyo, si kama apigwavyo picha. Mwenzake aweke jiwe mbele, kiasi cha hatua 12 kutoka gurudumu, kisha aishike ile karatasi mbele ya taa na kuiteremsha polepole, mpaka mpandaji aseme kwamba alitazama jiwe lote bila kuzuiliwa. Hapo tia alama ya kalamu, kisha ukate chini ya alama kwa upana wa vidole vinne. Tulipofanya hivyo tulishangaa jinsi ngao itakiwayo ilivyo ndogo. Yetu ilitoka urefu wa sentimita 35 na upana wa sentimita 40, mapembe yameviringwa, tukailaza nyuma kiasi cha digrii 30 kutoka wima. Mwanachuo mmoja alisikitika akasema yafanana na sahani. Tukamwambia kwamba sahani huwalisha watu.

Katika plastiki, tulichagua ile iitwayo polikaboneti, unene wa milimita 3. Ikipigwa na jiwe haivunjiki kwa urahisi, tena hukunjika kidogo pasipo moto, ilhali akriliki, ambayo ndiyo Perspex, hupasuka vipande vyenye makali. Kioo cha dirisha kisitajwe kabisa. Bati laweza kutumika kwa sehemu ya chini, lakini kingo zake sharti zikunjwe, kisha zivikwe mpira wa bomba uliopasuliwa kwa urefu. Maana mtu akianguka, kifua chake ndicho kitakachokutana na ukingo huo. Kata kwa msumeno wa meno madogo, karatasi yake ya kuilinda ikiwa bado imeganda juu yake, halafu lainisha kingo kwa tupa na msasa mpaka kidole kipite bila kukwama. Ufa mkubwa huanza katika mkato mdogo.

Matundu yahitaji subira. Keekee iende polepole, ubao ukiwa chini. Bolti zetu zilikuwa za milimita 6, lakini matundu tuliyatoboa milimita 9, na katika kila tundu tukatia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na washa pana pande zote mbili. Sababu yake ni kwamba plastiki hutanuka kwa jua na kunywea kwa baridi zaidi kuliko chuma. Ikibanwa pasipo nafasi hujipasua yenyewe tunduni. Mpira nao huzuia mtikisiko wa injini. Kaza mpaka mpira uanze kufinyika, basi. Tumeona mafundi hodari wakikaza ngao kama wakazavyo gurudumu, na wiki ya pili wakailaumu plastiki.

Sasa mahali pa kuifunga. Hapa ndipo palipotuangusha mara ya kwanza, nasi twaomba mtege masikio. Taa ya duara ya pikipiki za zamani hushikwa na masikio mawili ya chuma, moja kila upande, yenye bolti zake. Hapo ndipo tulipofunga vyuma vyetu vya juu, vya bapa, upana milimita 20 na unene milimita 3, tulivyovikunja katika jiliwa. Lakini sehemu moja kila upande haitoshi, kwa kuwa ngao itaning'inia na kucheza kama bendera. Kwa hiyo tukatia vyuma viwili vingine chini, vikishikwa na bangili zilizovishwa mpira na kukazwa katika shokapu za mbele, yaani ile miguu miwili ishikayo gurudumu, sehemu yake ya juu isiyoshuka wala kupanda. Zikawa sehemu nne. Uzito wote, pamoja na nati, ulikuwa kilo moja na kidogo, nao ulikaa karibu na mhimili wa kugeukia, si mbali mbele wala juu. Nati tulizotumia ni zile zenye duara la plastiki ndani zisizojifungua kwa mtikisiko. Dawa ya maji ya kugandishia nati isitumike karibu na polikaboneti, kwa maana huila.

Kati ya ukingo wa chini wa ngao na taa tuliacha mwanya wa vidole viwili. Watu wengi huuona mwanya huo wakadhani ni kasoro, wakaja na mpira wa kuuziba. Usizibwe. Nyuma ya ngao hewa huwa chache, na pale palipo hewa chache hewa ya kando hukimbilia kwa fujo, ikimvuta mpandaji mbele na kumpigapiga. Mwanya huingiza hewa kidogo kwa utaratibu, na ile fujo hupungua. Sisi wenyewe hatukuamini mpaka tulipouziba kwa kitambaa na kupanda, kisha tukakitoa na kupanda tena.

Kabla ya gurudumu kutoka nje ya karakana, tulifanya jaribio ambalo kama tungalilifanya mara ya kwanza, viazi vya yule mama vingalisalimika. Pikipiki imesimama, haimo katika gea, injini inanguruma polepole. Mtu mmoja augeuze usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, taratibu, mara tano, na mwenzake asikilize. Sauti ya injini ikipanda hata kidogo, kebo ya mafuta inavutwa, hapo usitoke. Vilevile aangalie kebo ya klachi na ya breki ya mbele, na zile pikipiki zenye bomba la mafuta ya breki, bomba lisikazike wala kukunjwa. Halafu watu wawili waushindilie usukani chini kwa uzito wao, breki ya mbele ikiwa imeshikwa, ili shokapu zishuke kabisa, wakitazama kama bamba la matope au gurudumu lagusa vyuma vya ngao. Kwetu lilikosa kwa milimita chache tu, tukavipandisha vyuma. Mwisho, washa taa na viashirio, usimame mbele hatua 20. Vyote vionekane vizima, tena usiku nuru ya taa isirudi kutoka katika ngao na kumwangukia mpandaji machoni.

Njiani tulikwenda siku isiyo na upepo, asubuhi, barabara iliyo tupu. Kilomita 30, tukarudi, tukagusa kila nati. Kisha 40, kisha 50, kisha 60. Kila mara tulijiuliza jambo moja, yaani usukani wasemaje? Ukitikisika, achia mafuta polepole, usikanyage breki kwa ghafula, wala usijaribu kuupita mtikisiko kwa kuongeza mwendo, kama vijana fulani watakavyokushauri. Rudi karakana, uishushe ngao au uisogeze karibu na taa. Siku nyingine tukaenda mahali pa wazi penye upepo wa ubavuni. Pikipiki ilisukumwa kidogo, si zaidi ya ilivyokuwa zamani, nasi tukaridhika. Baada ya kilomita 50 nati mbili zilihitaji robo ya mzunguko, na tangu hapo hazijasogea.

Juu ya kuiosha twasema neno moja tu: maji mengi kwanza, ili mchanga uondoke, kisha sabuni laini na kitambaa cha pamba. Petroli, ambayo kila fundi huishika kwanza aonapo uchafu, huipasua polikaboneti nyufa nyufa zisizotibika.

Mzee aliipanda Julai iliyofuata. Alipokwenda mara ya kwanza tulimngoja langoni, twakiri, kama mama angojeavyo mtoto aliyetumwa mbali. Akarudi, akaifungua kofia yake mwenyewe. Alisema kifua kilikuwa kimya na shingo haikumwuma, lakini vidole vilikuwa vimefufuka nusu tu. Basi tukampasulia dumu la lita 5 vipande viwili, tukavifunga mbele ya mikono yake, mbali na mikono ya breki na klachi ili isigote, tukarudia lile jaribio la usukani tangu mwanzo. Sura ya pikipiki ikaharibika kabisa. Wanafunzi wa shule moja huko Makete huiita Bibi Masikio.

Lakini alikuwa na shauri lingine. Tulipima ngao kwa kimo chetu, naye Mzee ni mfupi. Akiketi, ukingo wa juu ulimkatia njia palepale penye mashimo. Hakutaka kusema kwa adabu, akawa akijinyoosha shingo safari nzima. Tulipojua, tulimketisha tena juu ya pikipiki, tukaweka jiwe, tukashusha karatasi. Ilipungua sentimita 3. Kielelezo hicho cha karatasi bado kimetundikwa ukutani mwa karakana, nacho kina alama mbili za kalamu, ya juu ya kimo chetu na ya chini ya kimo chake; na pikipiki ya chuo, ambayo hupandwa na watu saba, imekatwa katika ile ya chini.